Fundi Kumwita Fundi

Neno moja tu ndilo lililomponza jirani yangu, na neno lenyewe si tusi. Watu walimwita Fundi. Alikuwa fundi wa cherehani, mtu wa kanzu na mashati na suruali za watoto wa skuli, ana baraza yake na mashine yake ya kukanyaga pale Msambweni kwenye njia ya sokoni. Lakini lugha yetu hii si bahili. Anayeshona ni fundi, anayejenga ni fundi, anayetengeneza saa ni fundi, na yule anayeziba masufuria yaliyotoboka naye ni fundi. Sasa wewe uitwe Fundi asubuhi na jioni, miaka nenda miaka rudi, na wakubwa na wadogo mpaka imamu wa msikiti, mwisho wake utasadiki. Yeye alisadiki. Hakusadiki kwamba ni fundi wa nguo. Alisadiki kwamba ni fundi tu, wa kila kitu.

Mimi simsengenyi. Nilikaa naye ukuta kwa ukuta tangu nilipoletwa pale bibi harusi, miaka ya hamsini ilipokuwa ndiyo kwanza inaanza, na ukuta wenyewe ulikuwa mmoja, nusu wake nusu wangu. Kwa hiyo nina haki ya kusema, na nitasema.

Nyumba haikuwa yake. Ilikuwa ya mkewe, Bi Riziki, aliyeirithi kwa mamake: nyumba kongwe ya mawe na chokaa, paa la makuti, vyumba vya giza lenye baridi tamu wakati wa jua kali. Bi Riziki alizaliwa katika chumba cha nyuma, na alikuwa akituambia wazi kwamba atatolewa humo humo siku yake ikifika, basi watu wasijisumbue kumtafutia pengine. Alikuwa na tabia ya kupitisha kiganja ukutani akitembea, bila kujua kama anafanya hivyo. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na machache hayo alikuwa hayarudii.

Nyumba kongwe ina madai yake kila mwaka. Leo lipu inabanduka, kesho kuti limeoza, kesho kutwa mlango umevimba. Wenzetu humwita mwashi mambo yakaisha. Fundi hakumwita. "Fundi kumwita fundi?" angesema, na macho yanamtoka kwa mshangao wa kweli. "Watu watasemaje?"

Kazi yake ya kwanza niliyoishuhudia kwa macho yangu ilikuwa ya lipu. Chokaa aliichoma vizuri, akaichekecha vizuri, sikatai. Kisha akatia wanga. Wanga wa muhogo, ule ule aliokuwa akitia kola za mashati. Nilimwuliza, "Shikamoo Fundi. Hiyo nayo ya nini?"

"Marahaba, mwanangu. Ni ili ukuta usikunjikekunjike."

Akapaka baraza nzima ya nje. Siku ya pili asubuhi namwona amesimama na pasi ya mkaa, anapuliza, moshi unamwingia machoni. Nikadhani ameshatoa nguo za mteja. Loo! Akaugeukia ukuta akaupiga pasi. Wallahi sitii chumvi. Alianzia juu akashuka, akinyunyizia maji kwa vidole, akirudia pembeni pale palipokataa kunyooka. Na ulinyooka, mwanangu, uling'aa hata watu wakaja kujitazama. Siku ya tatu wakaja mbuzi. Sijui nani aliwapa habari, maana walitoka hadi mtaa wa juu, wakajipanga barazani wakaulamba ule ukuta toka mwisho huu hadi mwisho ule. Fundi akawa anawafukuza kwa kipimo chake cha mkanda. Kwa wiki mbili hatukulala kwa vilio vya mbuzi, na maziwa yao yalikuwa mengi mwezi ule.

Kisha ikaja hii ya dirisha, ambayo ilinigusa mimi mwenyewe.

Chumba chao cha pembeni kilikuwa na giza, akataka kukitoboa dirisha upande wa kichochoro. Sasa fundi nguo hukata kitambaa kwa upande wa ndani, halafu hukigeuza. Hiyo ndiyo kazi yao. Naye akapima akiwa nje, akachora kwa ile chaki yao bapa katika karatasi, akaingia ndani, akaigeuza karatasi kama anavyogeuza kitambaa. Kulia kukawa kushoto. Mimi niko chumbani kwangu, mume wangu yuko safari, alikuwa utingo wa lori la kwenda Mackinnon Road na siku nyingi hayupo. Nimekaa zangu najipaka mafuta ya nazi kichwani. Nasikia ko, ko, ko. Vumbi likaanguka kitandani. Jiwe likatoka. Tundu likabaki, na katika tundu likaja jicho.

Jicho lilitazama, likafumba haraka. Fundi alikuwa mtu wa adabu. Nikasikia sauti, "Hodi!"

Nami nimelelewa, mama yangu alinilea. Mtu akipiga hodi unajibu, mdomo hauulizi akili. Nikasema, "Karibu!"

"Ahsante. Hujambo, jirani?"

"Sijambo, Fundi. Umefika wapi?"

"Nimefika nje."

"Hapa si nje, Fundi. Hapa ni chumbani kwangu."

Namsikia anageuzageuza karatasi. Kisha akasema kwa upole sana, "Lakini umeshanikaribisha."

Mume wangu aliporudi alifoka mpaka sauti ikamkauka, lakini kila alipomwendea, Fundi humwambia, "Mke wako alisema karibu, na wewe unajua karibu haitenguliwi." Mwishowe dirisha likabaki pale pale baina ya nyumba mbili. Aliliwekea pazia la hariri lenye marinda, kazi safi kabisa. Bi Riziki nami tukawa tunapeana chumvi na nazi humo, na mimi nikawa sina budi kusikia yanayosemwa upande wa pili. Sikutega sikio. Yalikuja yenyewe.

Nikisema hivi mtu atafikiri alikuwa mjinga. La. Nenda ukaulize wazee waliobaki Gazi, Vanga, Shimoni, wakwambie kanzu za Fundi. Alikuwa akikutazama mara moja tu ukivuka njia, akakata, na kanzu ikakukaa. Mshono wake ulikuwa unyoofu hata ukiupeleka kwenye mwanga wa jua huoni mahali ulipoanza. Nilimwona siku moja kabla ya Idi akifumua mkono mzima wa kanzu ya mtu kwa sababu ya uzi mmoja uliopanda mgongoni mwa mwenziwe. Mteja anamsihi, "Fundi, niachie tu, hakuna atakayeona." Akamjibu, "Nimeona mimi." Mikono hiyo hiyo, jicho hilo hilo. Ikifika kwenye nyumba, Mungu anajua kilichokuwa kikimwingia.

Kulikuwa na mwashi mmoja wa Gazi, mwembamba, mpole, aliyekuwa akijenga nyumba nyingi za huku kwetu. Siku moja alimletea Fundi suruali. Ilikuwa imechanika gotini, na yule bwana alikuwa amejaribu kuishona mwenyewe kwa uzi wa nyavu. Fundi aliishika kwa vidole viwili. Mimi nilikuwepo, nimefuata vifungo.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi, Fundi. Nilidhani ni jambo dogo."

Yarabi! Alisimama hata kiti kikaanguka. "Jambo dogo! Watu wakae miaka wanajifunza, wewe uamke asubuhi useme jambo dogo! Kwa nini usije kwa mwenye kazi yake? Kila mtu angejifanya fundi, dunia hii ingekuwaje?" Na nyuma yake, nyumba yake imeegemea upande kwa sababu ya mlango wa nyuma alioubadilisha mwenyewe mwezi uliopita. Mlango ule aliukata mpana zaidi ya tundu kwa vidole vinne kila upande. Aliuachia upindo, akisema mbao zikirowa zitaruka, zipungue kama nguo. Haukuingia. Badala ya kuupunguza mlango akaongeza tundu, na katika kuongeza akatoa mawe ambayo, kama nilivyokuja kujua, ndiyo yaliyokuwa yamebeba kila kitu. Yule mwashi aliutazama ukuta juu ya bega la Fundi, akautazama tena, akachukua suruali yake akaenda zake. Nilimwonea huruma, na nilimwonea hasira Fundi.

Ya paa nayasema kwa kifupi maana bado yaniuma. Maji yaliingia na kwangu. Makuti kwa lugha yetu hushonwa, ndivyo tusemavyo. Neno hilo lilimtosha. "Makuti hushonwa au hayashonwi?" aliniuliza.

"Hushonwa, Fundi, lakini kwa mkono, kwa ukindu."

"Na mshonaji hapa ni nani?"

Akavunja sindano kumi na moja za cherehani kabla hajakubali kutumia mkono. Alipofika juu akaanza kuyapanga toka kileleni kushuka chini, kila kuti likilalia la juu yake, kwa kuwa shati, alisema, huanzia begani. Mtoto mdogo anajua kuti la juu ndilo hulalia la chini, ili maji yateremke. Mvua ya kwanza ya masika iliyakuta makuti yamefunua mikono, ikaingia yote ndani bila hata tone moja kupotea. Fundi akawa anazunguka na masufuria. Bi Riziki alikaa juu ya kitanda cha mamake, amejifunika turubai.

Basi ukuta wa nyuma, uliokwisha kunyang'anywa mawe yake, ulikunywa mvua ile ukatoa kitambi. Ndivyo ulivyokuwa, kitambi hasa, kinene zaidi kila wiki, katika chumba kile kile alichozaliwa Bi Riziki. Nilisikia mazungumzo yao dirishani.

"Bwana, mwite mwashi."

"Mimi nitaurekebisha."

"Utafanyaje?"

"Nitaufunga mkanda."

Akafunga. Alikwenda akanunua kamba ya usumba wa nazi, nene, ya kufungia vyombo vya baharini, akaizungusha nyumba nzima kwa nje, na yangu humo humo kwa kuwa ukuta ni mmoja, mara tatu, akaikaza kwa kijiti, akaipiga fundo mbele ya mlango. Watu wa Msambweni walikuja kutazama nyumba iliyovaa mshipi. Wengine waliuliza kama inakwenda safari. Yeye akatoka kila asubuhi akalegeza kidogo au kukaza kidogo, kulingana na hali ya hewa, kisha akaenda kushona.

Alfajiri moja jiwe likaanguka ndani, juu ya mto. Bi Riziki alikuwa ametoka kutia udhu. Alirudi akalikuta jiwe limelala mahali pa kichwa chake.

Hakupiga kelele. Nilimsikia akisema, kila neno mbali na jingine, "Nyumba hii ni ya mama yangu. Sina nyingine, na sina mtoto wa kunipa nyingine. Siku utakayomleta mwenye kazi yake nitarudi. Usipomleta, ikianguka, umeniacha." Kisha akatoka mlango wa mbele na mkeka, mto na sanduku, akapita njiani watu wakimwona, akaja kwangu. Nikampa chumba chenye dirisha, maana sina kingine.

Wiki tano alikaa kwangu. Kila asubuhi baada ya sala, pazia la hariri likitikisika, nasikia, "Hodi." Tena, "Hodi, Bi Riziki." Hodi ya tatu ikipita bila jibu mtu huenda zake, ndiyo sheria yetu, naye alikuwa mtu wa adabu, alikwenda. Mchana Bi Riziki alipika, akapakua sahani yake, akaipitisha dirishani bila kunyanyua macho, na jioni sahani ikarudi imeoshwa. Siku moja ilirudi na blauzi juu yake, mpya, imekunjwa. Alikuwa hakumpima. Ilimkaa sawasawa. Bi Riziki aliivua akaikunja tena akairudisha, kisha akaenda uani akalia. Nikalia naye. Miaka yote waliyoishi pamoja, na sasa wametenganishwa na tundu la futi moja lililotobolewa kimakosa.

Yaliyotokea Gazi nimeyapata kwa mwashi mwenyewe. Alisema Fundi alimfikia siku ya kwanza kwa miguu, amevaa kanzu ya Ijumaa, na siku yenyewe ni Jumanne. Wakaamkiana. Akauliza hali ya nyumbani, ya watoto, ya mikoko, ya samaki, ya mbuzi. Mwashi akamwuliza, "Umefuata nini, Fundi?" Akajibu, "Nimepita tu," akageuka akarudi Msambweni, na njia hiyo si fupi. Jumatano akaja tena, akauliza tena hali ya mbuzi. Alhamisi alipofika, mwashi akamtilia kahawa akakaa kumngoja. Fundi alishika kikombe hata kahawa ikapoa. Kisha akasema, "Ukuta wa mke wangu unataka..." Akakwama. "Unataka fundi."

Yule bwana, aliyefokewa barazani na suruali yake mkononi, angeweza kusema mengi. Mimi ningesema. Yeye alinyanyuka tu akachukua ndoo, mwiko na timazi yake ya kupimia wima wa ukuta, wakaja pamoja. Fundi alitangulia mbele sokoni kwa hatua za polepole, na kila aliyemsalimu, "Habari, Fundi?" alimjibu kwa sauti ya kusikika, "Fundi ni huyu hapa nyuma." Watu walidhani anaumwa.

Mwashi aliizunguka nyumba mara mbili. Akashika kamba. "Nani kafunga?"

"Mimi," akasema Fundi, kichwa chini.

"Usiifungue mpaka nikwambie. Bila kamba hii mngekuwa mnazoa mawe saa hii."

Nilimtazama Fundi nikangoja ajivune. Alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama.

Kazi ilichukua siku kumi na moja. Na hapo likaja jambo ambalo sikulitarajia. Ukuta ulipofunguliwa mwanga ukaingia hadi ndani, mtu aliye dirishani kwangu aliweza kuona mpaka chumba cha nyuma, na Bi Riziki akavuta kigoda akakaa pale toka asubuhi. Siku ya kwanza alitazama tu. Siku ya pili akauliza, "Mbona chokaa umeiloweka, hukuitumia?" Mwashi akamweleza. Siku ya nne akauliza ile timazi inasemaje. Siku ya saba nikamsikia akisema, "Jiwe hilo la tatu limekaa vibaya." Mwashi akapima, akacheka, akalitoa.

Siku ya mwisho Fundi hakuja dirishani. Alizunguka akaja mlango wangu wa mbele, kama mgeni, vumbi la chokaa limejaa kwenye nyusi. Akapiga hodi ya kwanza. Akapiga ya pili. Mimi niko jikoni nimeziba mdomo kwa kanga. Ya tatu ilitoka nyembamba, haisikiki vizuri. Bi Riziki akasema, "Karibu."

Bi Riziki alibeba sanduku lake mwenyewe. Mkeka akamwachia Fundi.

Miaka ile ya hamsini ikielekea kuisha mume wangu alipata kazi Mombasa, nikaenda kuaga. Mlango wao ulikuwa wazi. Nikamkuta Bi Riziki juu ya ngazi katika chumba cha nyuma, gauni amelifunga kiunoni, nyundo mkononi, anapigilia rafu ya vyombo. Chini yake amesimama Fundi, mzee sasa, ameshika ngazi kwa mkono mmoja, na misumari ameibana midomoni kama pini za nguo.

"Imenyooka?" akauliza Bi Riziki.

Fundi akarudi nyuma hatua moja, akafumba jicho moja. Akatoa misumari mdomoni. "Kushoto kwako imeshuka. Uzi mmoja tu."

Akainyanyua. "Na sasa?"

"Sasa imekaa, fundi."

Alilisema hivi hivi, kama mtu anayemtaja aliye mbele yake. Bi Riziki hakugeuka. Alinyoosha mkono chini, naye akampa msumari mwingine.